Njia ya baiskeli iliyogeuka korongo: uchambuzi wa kisa kutoka msitu mmoja wa nyanda za juu

Jina la msitu, la kijiji na la wahusika yameondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyo, kwa sababu bila vipimo kisa hiki hakifundishi kitu.

Usuli

Msitu huu uko Kenya ya kati, kwenye mwinuko wa kati ya mita 2,100 na 2,400. Sehemu moja ni miti ya kupandwa, misaipresi na mikaratusi. Nyingine, kuelekea mabonde yenye chemchemi, ni miti ya asili kama podo na muiri. Udongo ni ule mwekundu wa mfinyanzi unaojulikana na kila mkulima wa eneo hilo: kiangazi ni vumbi laini, mvua ikinyesha unateleza na kung'ang'ania gurudumu. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Desemba.

Msitu ni wa serikali na unasimamiwa na shirika la misitu la taifa, KFS. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaruhusu chama cha jamii kinachopakana na msitu kuingia makubaliano na shirika hilo na kupata haki fulani za matumizi, kwa mfano kuokota kuni, kulisha mifugo, kufuga nyuki na kuendesha utalii. Chama cha hapa kilishirikiana na klabu ya waendesha baiskeli kutoka mjini kufungua njia ya baiskeli za milimani. Mapato yalitarajiwa kutoka kwa ada ya njia, baiskeli za kukodisha na chakula langoni.

Hakuna aliyechora njia mpya. Klabu ilichukua ujia wa zamani wa kuni na ng'ombe ulioshuka kutoka mgongo wa kilima hadi barabara ya chini. Ulikuwa na urefu wa mita 1,400 na ulishuka mita 190, yaani wastani wa karibu asilimia 14. Wastani huo ulificha tatizo. Katikati palikuwa na kipande cha mita 300 kilichoshuka kwa asilimia 20 hadi 22, ilhali kilima chenyewe pale kina mteremko wa asilimia 26. Maana yake ujia ulikuwa ukishuka karibu moja kwa moja, ukifuata mkondo uleule ambao maji yangeufuata. Vijana wa kijiji walikuwa wakishuka hapo kwa Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo, zenye breki za vyuma kabla klabu haijafika, na labda hilo ndilo lililowashawishi wageni kwamba njia ilikuwa tayari.

Yaliyotokea

Kiangazi cha kwanza kilipita vizuri. Waendeshaji walisifu kasi, na wikendi lango lilijaa.

Mvua ndefu zilipoanza njia haikufungwa. Ndani ya wiki chache magurudumu yalichora mfereji wenye kina cha sentimita 8 katikati ya njia. Mfereji mdogo kiasi hicho unatosha. Maji yakishaingia humo hayatoki tena, yanaongeza kasi kila mita na kuchimba yenyewe hata siku ambayo hakuna baiskeli.

Hatua ya kwanza ya kurekebisha ilikuwa kulaza magogo 11 kukingama njia, kama makingamaji ya shambani. Yaliwekwa pembe mraba na njia. Maji yakasimama nyuma ya gogo na kutua matope, na baada ya mvua tatu nne nafasi ya nyuma ikajaa, maji yakapita juu na kuchimba shimo upande wa chini. Waendeshaji wakaanza kuyakwepa kwa kupita pembeni. Njia iliyokuwa na upana wa mita 1 ikawa na mita 4 kwenye baadhi ya magogo. Mwendeshaji mmoja aliyejaribu kupita juu ya gogo lililolowa, gurudumu la mbele likiwa limekaa mshazari, aliteleza na kuvunjika mtulinga.

Hatua ya pili ilikuwa murram, yaani udongo wa changarawe wa barabara, lori mbili, zilizomwagwa kwenye kipande kikali na kusambazwa kwa koleo bila kushindiliwa. Sehemu kubwa ilikutwa barabara ya chini baada ya dhoruba moja.

Kufikia mwisho wa mvua fupi korongo lilikuwa na kina cha sentimita 60. Kilichosababisha njia kufungwa hata hivyo hakikuwa ajali wala malalamiko ya klabu. Matope yalifika kwenye bwawa dogo la kuchukulia maji la mradi wa kijiji, kamati ya maji ikaenda ofisi ya misitu, na ofisa akafunga njia siku hiyo hiyo.

Uamuzi na sababu zake

Mkutano wa chama, klabu, kamati ya maji na ofisi ya misitu uliwekewa njia tatu za kutatua tatizo.

Ya kwanza, kufunga kabisa. Ilikataliwa kwa sababu ya mapato, na kwa sababu korongo lingeendelea kukua lenyewe hata bila baiskeli.

Ya pili, kutandika mawe kwenye kipande chote kikali. Mawe ya kufaa hayapo karibu. Yangeletwa kwa lori hadi mgongoni na kushushwa kwa toroli. Tena mawe hayaondoi maji. Mteremko ukibaki ule ule, maji hutafuta ukingo wa mawe na kuchimba huko.

Ya tatu, iliyochaguliwa, ni kuacha ujia wa zamani na kuchonga njia mpya inayokata kilima kwa mshazari. Mita 190 zile zile zigawanywe katika urefu wa mita 2,600, wastani wa asilimia 7.3. Klabu ilipinga mwanzoni ikihofu njia itakuwa ya watoto. Hofu hiyo ni ya kawaida, na haina msingi: kasi na raha ya njia hutoka kwenye kona, mawimbi na matuta ya kurukia, si kwenye ukali wa mteremko ambapo mtu hushuka ameshika breki mwanzo hadi mwisho.

Kanuni mbili zilikubaliwa kabla ya jembe kugusa ardhi. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inapopita: kilima kikiwa na asilimia 26, njia isizidi 13. Na wastani wa njia nzima usizidi asilimia 10. Wajenzi wa njia kwingi duniani hutumia kanuni hizi, na kwa udongo wa mfinyanzi ni busara kubaki chini zaidi ya hapo.

Kupima kwa kamba

Hakukuwa na kipimo cha kisasa cha mteremko, na hakikuhitajika. Ilitumika levo ya kamba, ile inayotumika kupima matuta ya shambani: kamba ya mita 10 na levo ndogo, yaani kipimo cha usawa chenye kiputo, inayoning'inia katikati. Ili kupata asilimia 7, aliye upande wa juu hushika kamba kwenye alama ya sentimita 80 ya fito yake, aliye chini kwenye alama ya sentimita 150. Kiputo kikikaa katikati, tofauti ni sentimita 70 kwa mita 10. Hapo hufungwa utepe kwenye mti na watu husogea.

Kabla ya kupima viliwekwa alama vituo vya lazima: mahali njia inapotakiwa kufika, kama mwamba mzuri na uwazi wenye mandhari, na mahali inapotakiwa kuepuka, yaani chemchemi, eneo la mizinga ya nyuki na miti mikubwa ya asili. Penye mti mkubwa njia ilipitishwa upande wake wa juu. Ukipita chini yake, ukuta unaouchonga unakata mizizi inayoushikilia mti kilimani.

Mstari wa tepe ulitembewa kwenda na kurudi mara kadhaa, mara moja mvua ikinyesha. Siku hiyo moja iliokoa kazi ya wiki: palionekana sehemu mbili ambako maji hutoka ardhini, jambo lisiloonekana kiangazi. Tepe zikahamishwa juu.

Ujenzi

Vibarua 12 wa chama walifanya kazi siku 31. Kwa jembe, sururu, koleo na panga ilitoka wastani wa mita 7 kwa mtu kwa siku, ikiwemo kung'oa mizizi. Mpangaji wa bajeti akiweka mita 20 kwa siku kwenye kilima cha aina hii, ajue anajidanganya.

Njia ilichongwa nzima ndani ya kilima. Upana wote wa sentimita 90 unakaa juu ya udongo asilia, na uliochimbwa hutupwa mbali upande wa chini na kusambazwa. Mbinu ya mkato ni kuchimba nusu na kutumia udongo huo kujazia nusu ya nje. Nusu hiyo hutitia ndani ya mvua moja, na mwendeshaji husukumwa kuelekea ukingo unaobomoka.

Hapa ndipo kisa kina somo lake kubwa, na halikutarajiwa na yeyote. Vibarua walikuwa wakulima hodari, watu waliokulia kwenye fanya juu na fanya chini, yale matuta ya shambani ya kuzuia udongo na maji. Mikono yao inajua kwamba ukichimba kwenye mteremko, unaacha kingo ili maji yakae. Katika mita 400 za kwanza, kila mmoja aliacha kituta cha sentimita 5 hadi 10 kwenye ukingo wa chini wa njia, kilichopigwa vizuri na kunyooka. Kazi ilikuwa safi kuitazama. Kwa shamba ilikuwa sawa kabisa, kwa njia ilikuwa kinyume chake: kituta kile kinazuia maji kutoka, na njia inakuwa mfereji tena. Msimamizi aliona tu mvua ya nje ya msimu ilipopita na maji yakakimbia mita 60 bila kutoka.

Maelezo ya maneno hayakutosha kubadilisha mazoea ya miaka. Kilichosaidia ni ubao wa sentimita 90 wenye kipande cha mti cha sentimita 4.5 kilichopigiliwa chini ya ncha moja. Ubao unalazwa kukingama njia, ncha yenye kipande ikiwa upande wa bonde, na levo juu yake. Kiputo kikikaa katikati, njia imeinama nje kwa asilimia 5 na maji yatashuka pembeni. Kila kundi lilipewa ubao wake, na kipande hakikuhesabiwa kimekamilika kabla ubao haujapita kila mita 2. Baada ya hapo vituta vilikoma.

Kuinama nje hakutoshi peke yake, kwa sababu magurudumu hushindilia katikati na kuifanya njia ibonyee kama bakuli. Kwa hiyo kila mita 12 hadi 15 njia hupanda kidogo, mita 3 au 4 tu, kwa sentimita 30 hadi 40, halafu huendelea kushuka. Maji hayawezi kupanda. Yanalazimika kutoka kabla ya mpando. Mipando hii ilipangwa tangu kwenye tepe, ikachongwa ndani ya kilima. Tuta la udongo lililorundikwa baadaye juu ya njia iliyonyooka huchakaa upesi. Kwa mwendeshaji, mawimbi hayo ndiyo yaliyoifanya njia ipendeze, na klabu ikaacha kulalamika.

Kona zilikuwa tisa. Sita zilijengewa ukingo ulioinuliwa wa nje ili baiskeli ipinde bila kuteleza, tatu kwenye eneo kali zaidi zikawa kona za kugeuka zenye uwanja bapa. Matuta ya kurukia yalikuwa manne, yote yenye mgongo bapa: kimo sentimita 80, urefu wa mgongo mita 3.5. Tuta lenye pengo katikati lilikataliwa, kwa sababu anayeshindwa kuruka pengo huangukia ukuta, lakini anayeshindwa kuvuka mgongo bapa hubiringika tu hadi upande wa pili. Alama zilikuwa zile za kawaida: mduara wa kijani kwa rahisi, mraba wa bluu kwa wastani. Nyeusi haikuwepo.

Ujia wa zamani ulizibwa kwa vizuizi vya mawe na matawi vya kimo cha sentimita 40.

Matokeo baada ya misimu miwili ya mvua

Njia mpya ilibaki na upana wa sentimita 90 hadi 100 karibu kote. Baada ya mvua ndefu matengenezo yalichukua watu watatu siku tatu, wakifungua mahali pa kutokea maji na kurudisha mwinamo wa nje. Bwawa la mradi wa maji halikupata matope tena kutoka upande huo, na kamati ikaondoa pingamizi. Majeraha yaliyoandikwa kwenye daftari la lango yalikuwa michubuko na kifundo kimoja cha mkono kilichoumia.

Lakini si kila kitu kilishika.

Uchambuzi

Kubadili mstari ndiko kulikoleta mafanikio karibu yote. Magogo, murram na mawe yote yalishughulikia dalili kwenye mstari mbaya. Fedha za lori mbili za murram na mafuta yake zingelipa siku nyingi za vibarua kwenye mstari mzuri. Hili haliwi wazi mpaka mtu aandike mteremko wa njia na wa kilima kwenye karatasi moja. Klabu haikuwa imefanya hivyo kwa mwaka mzima.

Kona mbili kati ya sita zenye ukingo ziliharibika. Ukingo wa nje ulioinuliwa huzuia maji kutoka nje, kwa hiyo kona hukusanya kila kinachoshuka kutoka juu. Kona nne zilizopona zilikuwa na mpando mdogo mita 4 au 5 kabla ya kuingia, mbili zilizooza hazikuwa nao. Suluhisho halikuwa bomba chini ya kona, kama ilivyopendekezwa, maana bomba dogo huziba kwa majani msimu wa kwanza. Ilichongwa upya sehemu ya kuingilia ili maji yatoke kabla. Mpando huo huo ulipunguza pia mawimbi ya breki, yale makunyanzi yanayotokea mbele ya kona: baiskeli ikishapunguzwa mwendo na ardhi, mtu haburuzi breki. Kwenye baiskeli za kukodisha zenye breki zilizochakaa hilo si jambo dogo.

Tuta moja la kurukia lilititia sentimita 20. Lilijengwa siku ya mwisho kwa mboji nyeusi na matawi ndani ili kumaliza haraka. Matatu mengine yalijengwa kwa udongo mwekundu wa chini, kwa tabaka za sentimita 15, zenye unyevu wa kufinyangika bila kulowa, kila tabaka ikitwangwa kwa gogo kabla ya inayofuata. Hayakusogea.

Korongo la zamani lilizibwa vibaya mara ya kwanza. Ili kuokoa kazi vizuizi viliwekwa kila mita 10. Kanuni ni kwamba kichwa cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa kilicho juu yake. Kwa mteremko wa asilimia 20 na kimo cha sentimita 40 hiyo ni kila mita 2. Dhoruba ya kwanza ilipita pembeni mwa vizuizi na kupanua korongo. Viliongezwa, ncha zikaingizwa ndani ya kuta, na matawi yakatumika pale mawe yalipokosekana. Nyuma ya vilivyokaa vizuri udongo umetua kwa sentimita 25 hivi na nyasi zimeanza.

Kushindwa kulikouma zaidi hakukuwa kwa udongo. Wanawake wanaobeba kuni hawakuitwa mkutanoni. Chama kiliamini wanawakilishwa na viongozi wake, na viongozi waliona njia mpya itawafaa kila mtu. Kwa aliyebeba mzigo wa kuni kichwani au mgongoni, mita 2,600 badala ya 1,400 si njia. Walivunja uzio wa matawi na kuendelea kupita kwenye korongo, ng'ombe wakafuata, na vizuizi vikang'olewa. Waliopita njia mpya walikutana uso kwa uso na baiskeli kwenye kona. Doria ziliwekwa kwa wiki chache, zikazua ugomvi tu. Mwishowe ilijengwa njia ya miguu tofauti, ya mkato, yenye ngazi za mawe kwenye sehemu kali, umbali wa kutosha kutoka kwenye korongo. Uharibifu ulikoma karibu mara moja. Ngazi zile zingegharimu kidogo kama zingepangwa pamoja na tepe za mwanzo.

Bodaboda walipata lango kabla ya alama kusimikwa. Nguzo mbili zilizoachiwa nafasi nyembamba hazikuwazuia, na hazingeweza: usukani wa baiskeli ya kisasa ya milimani una upana wa karibu sentimita 78, sawa na wa pikipiki au zaidi. Kilichofanya kazi ni gogo nene la kimo cha sentimita 45 mahali pasipo na nafasi ya kukimbilia. Baiskeli ya kilo 14 huinuliwa na kuvushwa. Pikipiki ya zaidi ya kilo 100 yenye mzigo wa maziwa haivushwi.

Kuhusu kufunga wakati wa mvua, tarehe za kalenda zilijaribiwa na kuachwa, kwa kuwa mvua hazifuati kalenda. Sasa mlinzi wa lango hufanya jaribio asubuhi kwenye sehemu tatu zilizowekwa alama: anafinyanga udongo wa juu ya njia mkononi. Ukishikana kuwa donge lisilovunjika kwa kidole gumba, njia inabaki imefungwa hadi mchana na kupimwa tena. Waendeshaji waliotoka mbali hukasirika, ndiyo maana hali ya njia hutumwa kwenye simu saa 1 asubuhi kabla hawajapakia baiskeli.

Kinachobaki ni kipande cha mita 60 karibu na chini, ambako kilima kina mteremko wa asilimia 6 tu. Kanuni ya nusu hapo inaruhusu asilimia 3, lakini tambarare ya udongo wa mfinyanzi haina pa kupeleka maji hata njia ikiinama nje vipi, na kila msimu panakuwa tope. Kuinua njia kwa mawe na murram iliyoshindiliwa, kimo cha sentimita 20, kungewezekana kwa urefu huo mfupi. Chama kimechagua kuipeleka njia mita 40 juu zaidi, kilima kinakofika asilimia 18, na tepe zimefungwa zikisubiri kutembewa wakati wa mvua fupi.